Kura na Jibu: Historia ya Kuyakataa Maneno ya Mtu Mombasa

1. Utangulizi

Namna jamii inavyoyakataa maneno ya mmoja wao ni jambo lenye historia, sawa na namna inavyoyasifu. Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, aghalabu kinachosimuliwa ni sifa: nani aliitwa malenga, ni utungo upi uliohifadhiwa vifuani, ni diwani ipi iliyotuzwa. Upande wa pili, yaani nani alikataliwa, kwa njia ipi na kwa haki gani, husimuliwa kwa nadra. Hata hivyo, suala hilo limerudi kwa nguvu tangu kuenea kwa mitandao ya kijamii. Humo msomaji hupewa kitufe chenye dole gumba lililoelekezwa chini, au mshale uelekeao chini, naye huweza kulikataa neno la mwenziwe bila ya kutaja jina lake wala sababu yake. Kura za namna hiyo zikikusanyika, neno hushushwa chini ya mengine, na pengine hufichwa kabisa.

Makala haya yanakusudia kuliangalia jambo hilo kutoka Mombasa, na hasa kutoka sehemu za mji zilizo nje ya kisiwa: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi. Mombasa imechaguliwa kwa kuwa ina kumbukumbu ndefu ya malumbano ambayo maandishi yake yamehifadhiwa. Sehemu za nje ya kisiwa zimechaguliwa kwa kuwa ndizo zilizo Mombasa ya leo kwa wingi wa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na kati yao ni 154,171 tu waliokuwa Mvita, yaani kisiwani. Wengine wote, zaidi ya milioni moja, walikuwa ng'ambo. Desturi yoyote ya kusemezana iliyozaliwa katika mitaa ya kisiwani haina budi kupimwa na wingi huo.

Itaonyeshwa kwamba desturi ya kale ilimruhusu mtu kuyakataa maneno ya mwenziwe kwa ukali mno, ila ilimtoza gharama kwa kukataa kwake. Itaonyeshwa vilevile kwamba dhuluma ya dole gumba haitokani na ukali wake, kwani ni jepesi kuliko tungo nyingi za Mvita, bali inatokana na kuchanganywa kwa mambo mawili ambayo historia ya Mombasa iliyatenganisha kwa taabu: kura na jibu.

2. Maneno yenyewe

Yafaa kuanza na maneno. Neno kura limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile ya kukisia kwa bahati: vijiti au vikaratasi huchanganywa, kimoja hutolewa, na jambo huamuliwa. Maana ya kumchagua kiongozi kwa karatasi ilifuata baadaye. Hata hivyo, maana zote mbili zina sifa moja: kura haidai sababu. Aliyeangukiwa na kijiti haulizi kwa nini kimemwangukia, na mpiga kura hatakiwi na mtu yeyote kueleza kwa nini ameweka alama pale alipoiweka.

Neno jibu ni la namna nyingine. Jibu haliwezi kuwapo bila ya swali au kauli iliyolitangulia, na hubeba ndani yake wajibu wa kuigusa kauli hiyo. Ndugu yake wa karibu ni hoja, neno ambalo nalo ni la asili ya Kiarabu na ambalo tangu asili lina maana ya ushahidi au sababu. Mtu akisema "amenijibu" huku mwenziwe hakugusa alilolisema, wasikilizaji watakana: hakujibu, amezungumza mengine.

Sarufi nayo yatoa ushahidi wake. Vitenzi vya malumbano hupendelea kauli ya kutendana: kujibizana, kulumbana, kushindana, kutambiana, kusemezana. Kauli hiyo yaonyesha kwamba kila mtenda ni mtendwa pia, na kwamba atoaye pigo amekwisha kujiweka mahali pa kupokea jingine. Kitenzi zomea hukaa mbali na kundi hilo. Umati humzomea mtu, naye aliyezomewa hana njia ya kuuzomea umati. Kitenzi bofya nacho kimefuata njia ya zomea. Watu hubofya, na kitu hubofywa. Lakini bado hakuna aliyezoea kusema kwamba yeye na mwenziwe walibofyana hadi wakaelewana.

3. Gharama ya mjibuji

Mfano ulio wazi kabisa wa kukataa kwa jibu ni ule wa zama za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840. Zama hizo zilikuwa za vita na fitina. Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui, nao walishindana na Lamu, ambayo baada ya vita vya Shela vya mnamo 1812 iliegemea upande wa Oman. Utawala wa Mazrui ulikoma mwaka 1837. Katika kipindi hicho tungo zilipelekwa na kurudishwa baina ya Mombasa na Lamu, na upande wa Lamu miongoni mwa waliojibu alikuwa Bwana Zahidi Mngumi. Maneno yao hayakuwa ya upole. Yalikuwa maneno ya kutisha, ya kudharau na ya kukejeli, na nyuma yake palikuwa na majahazi na mikuki.

Lakini yalikuwa majibu. Aliyetaka kuyakataa maneno ya mwenziwe alipaswa kwanza kuyasikiliza hadi mwisho, maana asingeweza kuitika fumbo asilolifumbua. Pili, ilimpasa atunge kwa bahari ile ile, na aghalabu kwa vina vilivyoitikana na vya mwenziwe. Katika tarbia ya Mvita hilo lilikuwa na maana ya mishororo minne kwa kila ubeti, kila mshororo mizani 16, iliyogawanyika nane kwa nane. Tatu, ilimpasa ajulikane. Jina lake, au walau upande wake, lilikwenda na utungo. Nne, alikuwa amekwisha kujifungulia mlango wa kujibiwa. Gharama hizo nne, yaani kusikiliza, kutunga, kujulikana na kujibiwa, ndizo zilizompunguza mtu mwenye chuki nyepesi. Asiyekuwa na hoja alishindwa na vina kabla ya kushindwa na mpinzani.

Gharama hizo zilileta faida ambayo huenda watunzi wenyewe hawakuikusudia. Kwa kuwa kukataa kulifanywa kwa utungo, kukataa kwenyewe kulihifadhiwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyefanya kazi Mombasa, kuzikusanya na kuzieleza tungo za Muyaka. Kutokana na kazi hiyo William Hichens alitoa diwani ya mshairi huyo mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akatoa utafiti wake mkubwa mwaka 1979. Msomaji wa leo huweza kuona Muyaka alipingwa wapi na kwa hoja gani. Dole gumba halitamwachia mtafiti wa karne ijayo chochote ila tarakimu.

Haina budi kuongezwa kwamba desturi hiyo haikuwa ya haki kwa kila mtu. Asiyejua bahari hakuwa na njia ya kujibu, hata kama hoja yake ilikuwa ya kweli. Mtumwa, mgeni, na mtu wa mashambani aliyesema lahaja nyingine au lugha nyingine alisikia malumbano ya waungwana bila ya kuwa na nafasi ndani yake. Gharama iliyomzuia mwenye chuki ndiyo hiyo hiyo iliyomzuia mnyonge. Jambo hili litarudiwa mwishoni, kwa kuwa ndilo linalolipa dole gumba utetezi wake ulio bora.

4. Kusuta, lelemama na kuzomea

Wanawake wa mwambao walikuwa na njia zao. Iliyo maarufu ni kusuta. Mtu aliyesengenywa au kuzuliwa jambo alimwendea msemaji wake waziwazi, mbele ya watu, akamtajia maneno yake na kumtaka ayathibitishe. Msutaji alihitaji mashahidi. Akiwakosa, aibu ilimgeukia yeye. Kwa hiyo kusuta, pamoja na ukali wake wote, kulikuwa ni baraza la ushahidi, na kulifanywa uso kwa uso.

Njia ya pili ilikuwa ya vyama vya ngoma. Katika utafiti wake wa mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, Margaret Strobel ameeleza mashindano ya vyama vya lelemama, vikiwamo Ibinaal Watan na Banu Saada. Nyimbo za vyama hivyo ziliweza kuyaanika matendo ya mtu aliyevunja heshima. Hapa pia wimbo ulijibiwa kwa wimbo, na chama kilichotupa neno kilijulikana.

Njia ya tatu, jina la leso, ilikuwa na ujanja zaidi. Aliyevaa leso yenye kijembe na kupita nayo mbele ya mlango wa hasimu yake aliweza kukana baadaye kwamba alikusudia lolote: leso ameikuta dukani, maneno si yake. Hata hivyo, mvaaji alikuwa amepita mwenyewe, kwa miguu yake, na jirani walimwona. Fumbo lilificha nia, halikumficha mtu.

Kuzomea ndiko kulikokuwa karibu zaidi na dole gumba. Katika kuzomea hakuna hoja, hakuna jina, na sauti ya mmoja hupotea katika sauti ya wengi. Mzomeaji hutumia ulimi wake bila ya kutumia lugha. Ndiyo sababu viongozi wa siasa waligundua mapema kwamba kuzomea kunaweza kukodiwa: vijana wachache waliolipwa wakitawanywa uwanjani huweza kumfanya msemaji aonekane amekataliwa na mji mzima. Kwa hiyo matumizi mabaya ya kukataliwa na umati si uvumbuzi wa mitambo. Mitambo imeyafanya yawe rahisi, ya haraka, na yenye kuhesabika.

5. Maneno yasiyo na jina

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba haki imo katika jina, na dhuluma imo katika kutokutaja jina. Historia ya Mombasa hairuhusu wepesi huo. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana mzaliwa wa Mombasa, aliandika "Kenya: Twendapi?", makala ya upinzani yaliyosambazwa kwa siri. Alikamatwa, akahukumiwa, na akafungwa hadi mwaka 1972. Tungo alizozitunga gerezani zilitolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, zikatuzwa mwaka 1974. Mtu anayezungumza na mwenye dola juu yake hawezi kutakiwa ataje jina kwa kisingizio cha adabu. Kwake yeye kujulikana ni pingu, wala si gharama ya kawaida ya malumbano.

Lakini Likoni ilishuhudia upande wa pili wa maandishi yasiyo na jina. Mwaka 1997 vikaratasi visivyotiwa sahihi vilisambazwa pwani vikiwataka watu waliotoka bara warudi makwao. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kivuko cha feri. Katika fujo zilizofuata watu wasiopungua 100 waliuawa na maelfu walihama nyumba zao. Mapigano hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa na tume iliyoundwa mwaka 1998 chini ya Jaji Akilano Akiwumi.

Tofauti baina ya mambo hayo mawili yafaa kuelezwa kwa makini. Makala ya mwaka 1968 hayakuwa na jina, lakini yalikuwa na hoja, nayo yalielekezwa juu, kwa wenye mamlaka. Vikaratasi vya mwaka 1997 havikuwa na jina wala hoja, navyo vilielekezwa kwa jirani. Havikuyakataa maneno ya mtu. Vilimkataa mtu mwenyewe, kwa lafudhi yake na kwa mahali alikotoka babu yake. Kwa hiyo swali la haki haliwezi kuwa moja tu, la kama mkataaji amejitaja. Lazima iulizwe pia anamkataa nani, mwenye nguvu au mnyonge, na anakataa nini, neno au mtu.

6. Mlolongo wa 1988

Tukio jingine lililotokea katika majimbo ya Likoni, Kisauni na Changamwe, kama katika Kenya nzima, laonyesha kosa la upande wa pili, yaani kuilazimisha kura iwe ya wazi. Tarehe 22 Februari 1988 chama cha KANU, ambacho wakati huo kilikuwa chama pekee, kiliendesha mchujo wa wagombea wa ubunge kwa mlolongo. Wanachama walipanga mistari nyuma ya wagombea au mawakala wao waliobeba picha zao, wakahesabiwa hadharani. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita bila ya kupingwa katika uchaguzi mkuu uliofanyika tarehe 21 Machi.

Watetezi wa mlolongo walisema kwamba ni njia ya Kiafrika, iliyo wazi na isiyo na udanganyifu. Viongozi wa makanisa na mawakili waliipinga, nao walikuwa na sababu. Karani mbele ya bosi wake, mpangaji mbele ya mwenye nyumba, kibarua wa bandarini mbele ya msimamizi wake, kila mmoja alisimama mahali ambapo aliyemlisha angeweza kumwona. Zaidi ya hayo, mistari ilipotawanyika hapakubaki karatasi ya kuhesabiwa upya, na malalamiko ya kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu hayakuwa na mahali pa kuthibitishwa. Mkutano wa wajumbe wa KANU wa Desemba 1990 uliuondoa mlolongo. Katiba ya 2010 imeiweka kura ya siri miongoni mwa misingi ya uchaguzi nchini.

Funzo la mlolongo ni kwamba usiri ni haki ya mpiga kura anapowachagua watu watakaomtawala. Hapo hatakiwi kutoa sababu, na asitakiwe, kwa kuwa sababu zaweza kumwangamiza. Lakini funzo hilo lina mpaka wake. Kura ya siri ni ngao mbele ya mamlaka. Aliyeandika beti tatu juu ya mvua ya Kisauni si mamlaka, na msomaji wake hahitaji ngao dhidi yake.

7. Mgogoro wa ushairi

Kabla ya kulifikia dole gumba lenyewe, yafaa kukumbuka mfano ulio karibu zaidi na wataalamu wa lugha. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na ndani yake palikuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walifuata kwa Malenga wa Bara mwaka 1976, na kwa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Waliolelewa katika desturi ya mwambao, ambayo Shihabuddin Chiraghdin alikuwa ameitangulizia kwa ufafanuzi katika Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo mwaka 1971, waliona kwamba jina la ushairi limepewa kitu kingine. Ibrahim Noor Shariff aliitetea desturi hiyo kwa urefu katika Tungo Zetu mwaka 1988.

Lugha ya mgogoro huo mara nyingine ilikuwa kali hadi kukaribia matusi. Hata hivyo, kila upande ulilazimika kuandika. Wahafidhina walipaswa kueleza arudhi kwa undani ambao haukuwa umeandikwa kabla, kwa kuwa wapinzani wao walidai ushahidi. Wanamabadiliko nao walipaswa kuchimba historia ya nyimbo za kale na tungo zisizo na vina ili waonyeshe kwamba jipya lao lina babu. Taaluma ya ushairi wa Kiswahili imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya majibu hayo.

Laiti Kichomi ingalitolewa mahali ambapo wasomaji wa kwanza mia mbili, wote wa desturi moja, wangaliweza kuishusha kwa kidole kabla ya msomaji wa mia mbili na moja kuiona, pasingalikuwa na mgogoro. Pangalikuwa na kimya, na kimya hicho kingalihesabiwa kuwa ni uamuzi wa jamii.

8. Dole gumba

Vitufe vya kukataa havikuanza vyote kwa namna moja, na tofauti zao zafundisha. Slashdot, mtandao wa Marekani, mwaka 1999 uliwapa baadhi ya wasomaji wake idadi ndogo ya alama za kutoa, ukawataka wachague sababu katika orodha, na ukawaweka wasomaji wengine wa kuwahukumu mahakimu hao. Reddit, ulioanza mwaka 2005, ulimpa kila mwanachama mshale wa juu na wa chini. Mwongozo wake wa desturi uliwaomba wasitumie mshale wa chini kwa sababu tu hawakubaliani na msemaji, bali kwa neno lisilochangia mazungumzo; lakini ombi si sheria, na kidole hakisomi mwongozo. Stack Overflow, ulioanza mwaka 2008, uliamua kwamba anayelishusha jibu la mwenziwe apoteze alama moja ya sifa zake mwenyewe. Hapo, pengine bila ya kujua, watengenezaji wa mitambo waliirudia kanuni ya Mvita: anayekataa atozwe.

YouTube ilifuata njia nyingine. Mwaka 2010 iliziondoa nyota tano na kuweka dole gumba la juu na la chini. Mwezi Novemba 2021 ilitangaza kwamba hesabu ya madole ya chini haitaonyeshwa tena hadharani. Sababu iliyotolewa ni kwamba watu walishirikiana kuwashambulia watengenezaji wa video, na kwamba wadogo na wapya ndio walioumia zaidi. Uamuzi huo ulipingwa na Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi wa YouTube, kwa hoja kwamba hesabu hiyo iliwasaidia watazamaji kuitambua kazi mbovu. Hoja yake si ya kupuuzwa. Mtu anayetafuta mafunzo ya kutengeneza injini ya bodaboda anahitaji kuonywa kwamba mafunzo fulani ni ya uongo, na hana muda wa kusoma maoni elfu moja.

Utafiti nao umeleta nuru. Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha mwaka 2013 jaribio walilolifanya juu ya maoni zaidi ya 100,000 katika mtandao mmoja wa habari. Kura moja tu ya sifa iliyopachikwa kwa makusudi mwanzoni ilizidisha kwa asilimia 32 uwezekano wa msomaji wa kwanza kusifu, na mwishowe ilipandisha alama za maoni hayo kwa wastani wa asilimia 25. Kura ya kukataa iliyopachikwa haikuleta mkondo kama huo, kwa kuwa wasomaji wengine waliisahihisha. Kwa hiyo umati si mjinga daima. Huweza kumtetea aliyedhulumiwa, pale unapopewa nafasi ya kumwona.

Jaribio hilo lilihusu kura ya mtu mmoja. Utafiti mwingine, wa Justin Cheng na wenzake wa mwaka 2014, uliangalia yanayompata anayekataliwa na wengi. Haikuonekana kwamba hujirekebisha. Huandika zaidi, huandika vibaya zaidi, na huanza kuwakataa wengine. Dole gumba lisilo na sababu halifundishi kitu; aliyepigwa hajui kosa lake, anachojua ni maumivu tu.

Ya tatu ni umati wa kukodiwa. Mwaka 2021 Odanga Madung na Brian Obilo, kwa niaba ya shirika la Mozilla, walieleza namna ambavyo watu katika Twitter ya Kenya walilipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kushiriki katika kampeni tatu kwa siku ili kuvuma pamoja dhidi ya majaji na wanaharakati. Huko ni kuzomea kwa kulipwa kwa viwanjani, kulikohamia mahali pasipo na uwanja. Wa uwanjani angeweza kutambuliwa na jirani yake. Wa mtandaoni huweza kuwa na majina kumi.

9. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaweza kukusanywa hivi. Mombasa imejua njia mbili za haki za kuonyesha kukataa. Ya kwanza ni kura, nayo ni ya siri, haina sababu, na imekusudiwa kwa watu wanaoomba mamlaka. Ya pili ni jibu, nalo ni la wazi, lina sababu, na limekusudiwa kwa maneno. Mlolongo wa 1988 ulikosea kwa kuivua kura siri yake. Dole gumba limekosea kwa njia ya kinyume: limelivua jibu hoja yake na jina lake, likalivisha vazi la kura, na kisha likaiita tarakimu hiyo hukumu ya wasomaji.

Wanaolipa kwa kosa hilo si wenye nguvu. Mwanasiasa aliyeshushwa mtandaoni ana majukwaa mengine. Anayelipa ni mwanafunzi wa Changamwe anayeandika Kiswahili chenye lafudhi ya Kikamba au Kijaluo, binti wa Likoni anayechanganya Kidigo na Kimvita katika utungo wake wa kwanza, na mzee wa Kisauni anayesema jambo lisilopendwa na wengi wa mtaa wake. Kwao dole gumba lisilo na sababu haliwezi kutofautishwa na kukataliwa kwa kabila, kwa lahaja au kwa jinsia, kwa kuwa halisemi linakataa nini. Katika mji ulioona vikaratasi vya 1997, utata huo si jambo dogo.

Hata hivyo, haitafaa kuomba kurudi kwa baraza la waungwana. Mtu asiyejua mizani 16 alinyamazishwa humo, na dole gumba limempa walau njia ya kusema "la". Watu zaidi ya milioni moja wa ng'ambo ya kisiwa hawawezi kukaa katika baraza moja, wala hawana bahari moja ya kuitikana. Kinachowezekana ni kukitenganisha tena kilichochanganywa. Mitambo inaweza kumtaka anayeshusha neno achague sababu, kama ilivyofanywa mwaka 1999. Inaweza kumtoza kitu kidogo, kama ilivyofanywa tangu 2008. Inaweza kuwaachia wasomaji nafasi ya kulinyanyua lililoshushwa bila ya haki. Nao walimu wa lugha wanaweza kuwafundisha vijana kwamba kukataa ni sanaa, na kwamba hoja fupi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida inatosha kuwa jibu.

Malumbano ya Mombasa na Lamu yalikuwa ya maadui, na hapana upande ulioutakia mwingine mema. Lakini baada ya karibu miaka 200 maneno ya pande zote mbili bado yanasomeka, na msomaji bado anaweza kuamua mwenyewe ni nani aliyekuwa na haki. Uwezo huo wa kuamua upya ndio unaopotea pale kukataa kunapoacha kuwa lugha.